Mali, Mzizi na Birika: Historia Fupi ya Mlinganyo wa Kipeo cha Pili katika Lugha Zetu

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mlinganyo wa kipeo cha pili, ambao mwanafunzi wa Hulugho ameuzoea kama somo la Kiingereza, unaweza kuelezwa kwa maneno ambayo mengi yake yamo tayari katika Kisomali cha nyumbani kwake na katika Kiswahili cha shuleni.

Tuanze na tatizo lenyewe. Hulugho ni mji mdogo wa wafugaji katika Garissa ya kusini, karibu na mpaka wa Somalia na mbali na kingo za Mto Tana. Katika nchi kavu kama hiyo, kuhifadhi maji ya mvua ni jambo la uhai. Tuchukulie basi kwamba watu wanataka kuchimba birika la mstatili ambalo urefu wake unazidi upana kwa mita 10, na eneo la sakafu yake liwe mita za mraba 39. Upana huo ni kiasi gani? Tukiuita u, urefu utakuwa u + 10, nasi tutapata u² + 10u = 39.

Namba hizi si zetu. Alizitumia Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi wa Baghdad katika kitabu chake cha aljebra, yapata mwaka 820. Kwake yeye, kiasi kisichojulikana kiliitwa mzizi, na mzizi uliozidishwa kwa wenyewe aliuita mal. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo, kwani hiyo ndiyo mali yetu. Na Msomali naye anayo maal. Ili kupata jibu, al-Khwarizmi alichora mraba. Katika mchoro wake mmoja aliubandika mistatili miwili yenye upana wa 5, kisha akaijaza pembe iliyobaki kwa mraba wa 25. Eneo lote likawa 64, na ubavu wake 8. Ukiondoa 5, inabaki 3. Birika letu, basi, lina upana wa mita 3 na urefu wa mita 13.

Njia ya vigawo hufika hapo hapo kwa mkato. Twahamisha kila kitu upande mmoja: u² + 10u − 39 = 0. Kisha twatafuta namba mbili ambazo zao lake ni −39 na jumla yake ni 10, nazo ni 13 na −3. Hivyo (u + 13)(u − 3) = 0. Zao haliwi sifuri ila mojawapo ya vigawo vyake iwe sifuri. Kwa hiyo u ni 3 au −13. Al-Khwarizmi hakuifuata njia hii, kwani aliigawa milinganyo yake katika aina 6 ili kila upande ubaki na viasi chanya tu. Kuuona mlinganyo kuwa ni zao la vigawo kulidhihirika Ulaya, hasa katika kitabu cha Thomas Harriot kilichochapishwa mwaka 1631, miaka 10 baada ya kifo chake. Jibu la −13 halichimbi birika, lakini lisitupwe bila kutazamwa: ukiliondolea alama ya hasi, ni urefu wenyewe.

Maneno nayo yalisafiri. Mwaka 1145, huko Segovia, Robert wa Chester alikifasiri kitabu cha al-Khwarizmi kwa Kilatini. Neno mal likaachwa njiani, na jina ambalo Kiingereza kililichukua baadaye likatoka katika neno la Kilatini lenye maana ya mraba. Kwa jina hilo somo lilifika Garissa. Mtaala wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliliweka katika kidato cha pili kwa Kiingereza. Mtaala huo huo ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa. Lakini Kiswahili na hisabati vikakaa vyumba mbalimbali.

Majirani walikuwa wamekwisha kujaribu njia nyingine. Tanzania, baada ya mwaka 1967, ilifundisha hisabati ya shule za msingi kwa Kiswahili, na istilahi kama kipeo, kipeuo na kigawo zikaenea madarasani. Somalia ilichagua hati ya Kirumi mwaka 1972, kisha hisabati ikafundishwa kwa Kisomali.

Tukiziweka lugha hizi mbili pamoja, udugu wadhihirika. Hesabu na xisaab ni neno moja la Kiarabu. Birika na barkad vivyo hivyo. La kustaajabisha zaidi ni lile ambalo halikutoka Uarabuni: Mswahili huita umbo pembenne, na Msomali huliita afargees, pembe na gees zote mbili ni pembe za mnyama. Hata hivyo hapana budi tuwe na hadhari, maana gees ni upande pia, ilhali pembe yetu ni kona. Mwalimu asiyelijua hilo atamchanganya mwanafunzi pale pale alipodhani anamsaidia.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele yetu wanalugha si kubuni istilahi tu. Yatupasa kuandaa faharasa ya Kiswahili, Kisomali na Kiingereza itakayoonyesha mahali maneno yanapokutana na mahali yanapoachana. Udugu wa maneno hautafuti vigawo kwa niaba ya mtu. Lakini anayejua kwamba mlinganyo ulianza na mali, mzizi na mraba uliochorwa, ataukabili kama tatizo la birika lake mwenyewe.