Siku ya Mtoto katika Chekechea ya Montessori

Miongoni mwa huduma za diakonia katika KKKT, chekechea za Montessori zina nafasi yake, na masista wa Ushirika wa Neema, Moshi, wamewaandaa walimu wengi wa kazi hiyo. Hata hivyo, katika sharika nyingi ilizoeleka kuwa elimu ya asubuhi tu: mtoto hushika vifaa, hunywa uji, hurudi nyumbani adhuhuri. Kwa mama afanyaye biashara sokoni hadi jioni, saa zilizosalia ni mzigo, na pengine aubebaye ni binti mkubwa anayekosa masomo yake mwenyewe.

Wapo wazee waliohofu kwamba kurefusha siku ni kuiacha njia ya mwanzilishi. Historia haiwaungi mkono. Dkt. Maria Montessori alifungua Nyumba ya Watoto ya kwanza tarehe 6 Januari 1907, mtaa wa San Lorenzo, Roma, kwa kuwa wazazi walishinda kazini na watoto wakabaki peke yao, wakiharibu kuta za majengo. Ratiba aliyoichapisha ilianza saa 3 asubuhi hadi saa 10 alasiri, ikiwa na sala, chakula cha mchana, michezo, ufinyanzi, na utunzaji wa mimea na wanyama.

Alasiri, basi, haikuwa asubuhi iliyorudiwa. Hapo ndipo penye gharama: mpishi, mikeka ya kulalia, mwalimu wa pili. Usharika unaoongeza saa pasipo hayo humzuia mtoto tu, akisinzia mezani huku vifaa vikikaa rafuni.