Violoni ya uzi mmoja: indonongo, endingidi, orutu, na mikutano inayoifanya iendelee kuishi

Ukitaja muziki hapa Baraka, mtu anafikiria korali ya kanisa, ngoma, gitare, ao spika ya duka pale sokoni. Wachache wanafikiria chombo kidogo chenye uzi mmoja, kinachopigwa kwa upinde kama violoni. Lakini chombo hicho kimeenea katika inchi nyingi za Maziwa Makuu. Burundi wanakiita indonongo, Rwanda iningiri, Uganda endingidi, Waluo wa Kenya orutu, Wagogo wa Tanzania izeze.

Mimi nilikisikia mara ya kwanza ngambo ya ziwa, upande wa Kigoma, nikiwa mtoto wa kambi. Familia nyingi za Fizi zilivuka Tanganyika kuanzia 1996, zikakaa Lugufu na Nyarugusu. Siku moja ya soko, mzee mmoja Mtanzania alikaa chini ya mti akipiga zeze yake na kuimba juu ya bei ya chumvi. Sisi watoto tulicheka kwanza, kisha tukanyamaza. Sikumuuliza jina lake wala jina la wimbo. Tulirudi Baraka kwa boti, na mpaka leo sijui kama kuna mtu aliyejifunza ule wimbo kabla mzee hajafariki.

Makala hii inaeleza chombo hiki ni nini, kinapigwa namna gani, na kwa nini sehemu zingine kinaendelea kuishi wakati sehemu zingine kinazikwa pamoja na mzee wa mwisho.

Kinatengenezwa namna gani?

Tuchukue endingidi ya Uganda kama mfano. Fundi anachonga kipande cha mti na kukitoboa katikati, kiwe kama kopo. Upande mmoja anafunika kwa ngozi, mara nyingi ngozi ya kenge, yule mjusi mkubwa wa kando ya maji. Fimbo inapita ndani ya kopo hilo na kusimama kama shingo. Juu ya fimbo kuna kigingi cha kukazia uzi. Uzi wenyewe zamani ulikuwa wa katani. Siku hizi ni nailoni ya wavuvi ao waya. Ngozi ikikosekana, watu wengine wanatumia ya mbuzi, na mti ukikosekana, kopo la bati linatosha.

Upinde ni kijiti kilichopindwa na kufungwa nyuzi za katani ao manyoya ya mkia wa mnyama. Nyuzi hizo zinapakwa utomvu mkavu wa mti, juu ya kuzifanya zishike. Bila utomvu upinde unateleza tu, sauti haitoki.

Tofauti kubwa na violoni ya wazungu iko kwenye vidole. Katika violoni, kidole kinabana uzi mpaka ugonge ubao. Katika endingidi, uzi uko mbali na fimbo, kidole kinausukuma ukiwa hewani. Ndiyo maana sauti yake inapanda na kushuka kama sauti ya mtu anayelia ao anayeimba. Mpigaji mzuri anaweza kufuata maneno ya mwimbaji karibu silabi kwa silabi.

Kuna jambo lingine: chombo hiki hakina noti moja iliyopangwa kwa wote. Kila mpigaji anakaza uzi kulingana na sauti yake mwenyewe. Wapigaji wawili wakikutana, lazima kwanza wasikilizane, mmoja akubali kulegeza ao kukaza, ndipo wapige pamoja.

Jina zeze linachanganya

Hapa tuwe waangalifu. Neno zeze halimaanishi kitu kimoja kila fasi. Katika sehemu nyingi za Tanzania zeze ni hiki chombo cha upinde. Lakini kwetu mashariki ya Kongo, zeze ao nzenze mara nyingi ni fimbo bapa iliyofungwa kibuyu, na nyuzi zake zinapigwa kwa kidole, bila upinde. Ni ndugu wawili wenye jina moja. Kwa hiyo mzee akikuambia kwamba baba yake alipiga zeze, muulize swali la pili: alipiga kwa kidole ao kwa upinde?

Tusichanganye pia na inanga ya Rwanda na Burundi, ao lulanga ya Washi wa Bukavu. Ile ni mti mrefu uliochimbwa kama bakuli, uzi mmoja unapita huku na huku mara nyingi juu yake, na vidole ndivyo vinafanya kazi.

Chombo cha babu, lakini si cha zamani sana

Watu wengi wanadhani kila chombo cha kienyeji kilikuwepo tangu mwanzo wa dunia. Sivyo. Katika Buganda, endingidi ilitokea mwanzoni mwa karne ya 20 tu. Ngoma za kifalme na kinubi cha ikulu vilikuwa vya zamani zaidi. Endingidi ilikuja baadaye, ikapendwa haraka, ikaingia kwenye vikundi vya harusi pamoja na ngoma na filimbi. Katika muda wa kizazi kimoja watu wakaiona kama ya asili.

Hilo linatufundisha jambo: kama chombo kinaweza kuingia haraka, kinaweza pia kutoka haraka. Gitare ilifanya vilevile kwetu. Mwaka 1952, Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, leo Likasi, akipiga gitare na kuimba Kiswahili cha Katanga. Sahani zake zilifika mbali sana. Vijana wengi wakaacha vyombo vya baba zao, wakatafuta gitare. Hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba hakuna aliyebaki akijifunza kwa wazee.

Lakini chombo cha zamani kinaweza pia kuingia ndani ya gitare. Wakenya wanajua kwamba gitare ya benga ilichukua mwendo wake kutoka nyatiti na orutu za Waluo. Ukisikiliza benga vizuri, unasikia uzi wa orutu ukikimbia ndani yake.

Sehemu ambako kinaendelea kuishi

Nimeangalia sehemu ambazo chombo hiki bado kiko na vijana. Karibu zote ziko na kitu kimoja: siku ambayo wapigaji wanakutana.

Kenya wako na tamasha la muziki la shule, Kenya Music Festival, tangu 1927. Lilianza na nyimbo za kizungu, lakini baadaye vyombo vya kienyeji vikapata nafasi. Leo mwanafunzi anaweza kusimama na orutu mbele ya waamuzi na kupewa alama. Uganda pia wako na mashindano ya shule ambapo endingidi inapigwa na watoto wa mjini ambao hata lugha ya babu yao hawaijui vizuri.

Tanzania walianzisha Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo mwaka 1981. Mwaka uliofuata tamasha la Bagamoyo likaanza, na vikundi vinatoka mikoa mbalimbali kuja kuonyesha ngoma zao. Bagamoyo ndipo alipoishi Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyepiga izeze na marimba. Alitengeneza zeze kubwa zenye nyuzi nyingi, akazunguka dunia, na alipofariki mwaka 2003 watoto na ndugu zake walikuwa tayari wamejifunza. Huko kwao Ugogo, Chamwino karibu na Dodoma, kuna tamasha la muziki wa Wagogo ambapo vikundi vya vijiji vinakutana, wazee na watoto pamoja.

Zanzibar ni hadithi nyingine. Wao walichukua violoni yenyewe ya nyuzi nne, wakaiita fidla, wakaiweka katikati ya taarabu. Kundi la Akhwani Safaa lilianza 1905. Na kuna mtoto wa taarabu anayeitwa kidumbaki: fidla moja, ngoma mbili ndogo, na sanduku la mti lenye uzi linalotoa sauti nzito. Kidumbaki ni muziki wa harusi mtaani, watu wanacheza mpaka usiku. Tangu 2002 kuna chuo cha muziki Unguja, Dhow Countries Music Academy, ambapo kijana anaweza kujifunza fidla kwa waliokulia ndani ya taarabu.

Mfano wa mbali: visiwa vya Shetland

Mtu anaweza kusema: haya ni matatizo ya Afrika. Hapana. Kaskazini ya Uskoti kuna visiwa vinavyoitwa Shetland, watu wake wavuvi na wafugaji. Violoni ndiyo chombo chao cha harusi na cha kucheza. Katikati ya karne iliyopita, redio na sahani zilifanya vijana waone aibu ya nyimbo za babu zao. Mtu mmoja, Tom Anderson (1910–1991), akaanza kuzunguka kwa wazee, kijiji kwa kijiji, akikusanya nyimbo zao kabla hawajafariki. Mwaka 1960 wapigaji wakaungana kuwa chama. Miaka ya 1970 Anderson akaingia shuleni kufundisha watoto. Mwaka 1981 tamasha la muziki likaanza visiwani.

Namna yao ya kukutana ni ya kuangalia vizuri. Mara nyingi hakuna jukwaa wala mwamuzi. Watu wanakaa duara. Mzee anaanza wimbo, wanaoujua wanaingia, wasioujua wanasikiliza mpaka waushike. Mtoto anakaa karibu na anayejua zaidi. Hakuna tiketi wala mshahara.

Tofauti hii ni muhimu. Mashindano ya Kenya na Uganda yanafanya watoto wengi washike chombo, lakini wimbo unakatwa ili utoshe dakika za waamuzi. Duara ya Shetland haitoi kombe, lakini wimbo mzima unapita toka mkono hadi mkono. Tukipata nafasi ya kuchagua, tungehitaji vyote viwili.

Na sisi Wakongo?

Kongo haikosi mfano. Mwaka 1994, Armand Diangienda alianzisha Kinshasa okestra ya Wakimbangisti. Mwanzoni wapigaji walikuwa wengi kuliko violoni, wakapokezana: huyu anapiga, yule anangoja zamu. Uzi ukikatika, waya wa freni ya baiskeli ulichukua nafasi yake. Leo wanajulikana dunia nzima, na filamu juu yao ilitoka mwaka 2010.

Goma walianzisha tamasha la Amani. Lilipangwa mwaka 2013, vita vya M23 vikalirudisha nyuma, likafanyika Februari 2014. Wanamuziki na wachezaji wa Kongo, Rwanda na Burundi walisimama jukwaa moja. Mwaka 2025 vita vilirudi Goma. Kwetu mashariki, mkutano wa wapigaji unategemea kwanza barabara na usalama, kabla ya kutegemea feza.

Fizi tunalijua hilo. Barabara ya Uvira–Baraka wakati wa mvua ni mateso, na milima yetu imezika watu wengi. Wazee waliokimbia 1996 na 1998 hawakubeba vyombo vyao. Walibeba watoto na sufuria. Waliorudi kuanzia 2005 walikuta nyumba zimeanguka. Nani angefikiria uzi na ngozi?

Lakini tuko na kitu ambacho wengine hawana. Waliorudi kutoka Tanzania walisikia nyimbo za huko. Na tangu 2015 wakimbizi wa Burundi wanaishi Lusenda, kisha Mulongwe, na inchi yao iko na indonongo. Labda mtu anayeijua anapita mbele ya mlango wako akienda kuchota maji. Chombo hiki kimevuka mipaka na lugha kwa muda mrefu, hakuna kabila moja linaloweza kusema ni chake peke yake. Katika teritware ambapo watu wameuana juu ya kabila, hilo si jambo dogo.

Tunaweza kuanza na nini?

Hatuhitaji jukwaa wala jenereta. Tunahitaji siku moja inayojulikana, kwa mfano jumamosi ya kwanza ya mwezi, na fasi yenye kivuli: uwanja wa shule, parokia, chini ya muembe. Mwenye chombo aje nacho. Asiye nacho aje na masikio. Mwalimu wa kazi za mikono anaweza kufundisha watoto kutengeneza kimoja kwa kopo la bati, ngozi ya mbuzi na nailoni ya wavu.

Na kama kuna mzee unayemjua anayepiga, usingoje hiyo siku. Chukua telefone yako, kaa naye mahali pasipo kelele, urekodi wimbo wote bila kuukata. Kisha mwambie aseme kwa sauti yake: jina lake, kijiji alichozaliwa, wimbo unaitwaje, nani alimfundisha, na unapigwa siku gani, ya ndoa ao ya kilio. Muulize kama anakubali usikike redioni. Akikataa, heshimu neno lake, lakini muombe akufundishe hata mstari mmoja.

Redio iko tayari kupokea sauti hizo na kuzipitisha hewani. Mlango wetu uko wazi, na mzee akifika mwenyewe na chombo chake, tutamtafutia kiti.