Daktari Naye Humwita Mwenzake

Juma hili nazungumza na ninyi mlioko Kasulu na Kibondo, pamoja na ndugu zenu waliohamia mjini, ambao ndio hupigiwa simu usiku: mama amevimba tumbo, daktari kasema ni kansa ya ovari, yaani vile vifuko vya mayai ya uzazi, na anatakiwa apasuliwe. Wapo wanaotamani daktari wa pili amtazame, ila wanaona haya. Wanadhani ni kumtukana yule wa kwanza.

Basi twende Kampala, hospitali ya Mulago, mwaka 1957. Daktari Hugh Trowell, mtu aliyekwisha kutibu Afrika Mashariki miaka mingi, alikuwa na mtoto wodini aliyevimba mataya pande zote. Hakuona aibu kumwita mpasuaji, Denis Burkitt, aje amtazame. Burkitt naye alishindwa kuelewa. Wiki chache baadaye, huko Jinja, akamkuta mtoto mwingine wa namna ile ile, na alipompapasa tumbo akakuta na humo mna uvimbe. Akarudi Mulago kufukua mafaili. Kumbe watoto walioandikiwa magonjwa mbalimbali, huyu taya, huyu figo, yule msichana ovari, wengi wao walikuwa na ugonjwa mmoja! Aliuandika mwaka 1958. Mwishoni mwa 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walifunga safari kwa gari kuukuu, wakapita Tanganyika hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Wakaona kwamba ugonjwa ule ni adimu kwenye miinuko yenye baridi.

Jina lilipobadilika, tiba nayo ikabadilika. Kisu kilikuwa hakijawafaa sana watoto wale; dawa zilizojaribiwa miaka ya 1960 ziliwaponya baadhi yao.

Kwa mama mtu mzima mambo ni tofauti. Saratani ya ovari kwa kawaida hutaka upasuaji na dawa pia, na inafaa kuuliza mpasuaji ni nani, maana upasuaji wa kwanza ndio wenye uzito. Lakini jina la ugonjwa huweza kukosewa. Kifua kikuu, ambacho wengi wetu tunadhani ni cha mapafu tu, huweza kushika tumbo, kikalijaza maji na kumkondesha mtu, na kwenye picha ya altrasaundi kikafanana mno na saratani hiyo. Hata kipimo cha damu kiitwacho CA-125 huweza kupanda katika magonjwa yote mawili. Na kifua kikuu hutibiwa kwa vidonge, kwa kawaida miezi sita. Mwamuzi basi ni kinyama kinachotolewa mwilini na kutazamwa kwa hadubini.

Shida ni umbali. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini toka hapo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,200. Huko ndiko iliko Ocean Road, hospitali iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 na kufanywa taasisi ya saratani mwaka 1996. Bugando, Mwanza, ilifunguliwa 1971. Mtu wa Kibondo huifuata kwa njia ya Kakonko na Nyakanazi, na kwanza lazima mbuzi wauzwe. Siwalaumu wanaosita. Ila ukoo ukikaa vikao mwezi mzima, ugonjwa haungoji kikao kiishe.

Ombeni barua ya rufaa, nakala ya majibu ya maabara na picha. Hakuna daktari muungwana atakayewanyima. Tena ulizeni kile kinyama kiko wapi. Maabara hukihifadhi ndani ya nta, na chaweza kupelekwa kwa bingwa mwingine akakipima upya, mama mwenyewe akiwa bado yuko Kasulu na wajukuu zake.