Sindano za Kichina na Kano Zetu

Wasikilizaji, juma hili nazungumzia akupancha, tiba ya Kichina ya kuchoma sindano, inayosifiwa kwamba huunga kano zilizochanika. Sifa hizo zina historia.

Mwaka 1822 Mfalme Daoguang wa China aliiondoa tiba hiyo katika chuo cha matabibu wa kifalme. Serikali ya Mao Zedong ikairudishia heshima miaka ya 1950. Kisha, Julai 1971, James Reston, mwandishi wa gazeti la New York Times la Marekani, akaugua kidole tumbo akiwa Beijing. Alipasuliwa kwa dawa ya ganzi ya kawaida. Sindano tatu za akupancha alichomwa baadaye, kutuliza tumbo lililomsumbua. Ndivyo alivyoandika. Lakini habari ilipopita midomoni, wengi wakasema amepasuliwa kwa akupancha tupu!

Mwaka 1997 jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilisema akupancha huenda ikafaa kama tiba ya nyongeza kwa maumivu ya kano za kiwiko, yale ya wacheza tenisi. Huenda ikafaa, halikusema inaunga.

Kutuliza maumivu ni jambo moja, kano kuungana ni jingine, na hilo la pili halijathibitishwa. Kano hupata damu kidogo, hivyo hupona polepole. Maumivu ni mlinzi. Mchezaji anayerudi uwanjani kwa sababu tu mlinzi kasinzia, anaweza kuikata kabisa.

Anayetaka sindano achomwe, lakini mguu nao aupe muda wake.