Tai mwekundu aliyegeuka mweusi: stori ya bastola ya washkaji wawili

Mwaka 1949, Southport, Connecticut, Marekani. Jamaa wawili wanafungua kampuni. Mmoja ni mbunifu wa silaha ambaye biashara yake ya kwanza ilishakufa. Mwenzake ni msanii, na ndiye aliyeleta mtaji: dola 50,000.

Bidhaa yao ya kwanza ikawa bastola ya kulengea shabaha, .22, bei dola 37.50. Risasi yake ni ndogo, haina mshtuko mkubwa mkononi, na ni bei chee, kwa hiyo mtu angeweza kutungua makopo mchana kutwa bila mfuko kulia.

Wenye nazo hawakuishia kulenga tu. Walibadilisha mshiko, triga, mtutu, hadi kila mmoja akawa na ya kwake. Kasheshe ilikuwa kuifungua kwa usafi, halafu kuirudishia! Wengi walitoka jasho. Nafuu ilikuja 2016, toleo la Mark IV lilipoanza kufunguka kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Sasa kuna kitu kidogo pale kwenye mshiko: nembo ya tai mwekundu, kazi ya yule msanii. Mwaka 1951 akafariki, kampuni ikiwa bado changa. Mwenzake akaamua tai awe mweusi, kumwomboleza.

Leo wakusanyaji wanaitafuta sana ile ya tai mwekundu, na wengi wakiipata hawagusi hata skrubu.

Wewe je, ungemuenzi vipi mshkaji aliyekuamini ulipokuwa huna kitu?