Arosto, Sumu na Uachishaji

Kuanzia Likoni hadi Ukunda, pwani ya Kenya, mtumiaji wa unga, yaani heroini, akisema ana arosto hana haja ya kuongeza neno. Wenzake wa maskani wanajua anachopitia: miayo isiyokatika, kamasi na machozi, vinyweleo kusimama ingawa jua la Diani linawaka, tumbo kusokota, mifupa kuuma, usingizi kugoma. Neno linatumika Tanzania pia, ambako hata mashabiki wa kandanda husema wana arosto ligi inaposimama. Katika maandishi rasmi, hata hivyo, ni nadra kulikuta. Huko utasoma "dalili za kuacha dawa za kulevya", na tiba yake utaambiwa ni "kuondoa sumu mwilini".

Hilo la pili linanitia wasiwasi. Ni tafsiri sisisi ya neno la Kiingereza, detoxification, na limebeba kosa ambalo hata Kiingereza chenyewe kinalo. Ukishasema sumu, msikilizaji anawaza kitu kilichokwama ndani, kinachoweza kusafishwa kikatoka. Basi jamaa watamnywesha mgonjwa madafu, maziwa na dawa ya kuharisha, watamwogesha maji ya baridi, watamfungia chumbani, kisha watangoja atoke safi. Wanafanya hivyo kwa mapenzi, na neno lenyewe limewaelekeza huko.

Mwili hauhitaji msaada kuitoa heroini. Inavunjwavunjwa na kutoka yenyewe, na ndani ya siku moja sehemu kubwa imekwisha. Arosto huanza pale inapopungua, kwa kawaida muda wa saa 6 hadi 12 tangu kete ya mwisho, ikafika kileleni siku ya pili au ya tatu, na kupoa ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Kwa hiyo mtu anaumwa kwa sababu dawa haipo. Ubongo wake ulishajipanga upya kwa miezi au miaka ili ufanye kazi huku dawa ikiwemo, na sasa umeachwa peke yake na mpangilio usiofaa tena.

Ndiyo maana napendekeza tuseme uachishaji wa kitabibu. Kitenzi tunacho tangu zamani, nacho ni kuachisha ziwa. Mama anayejua kazi yake haamki siku moja akamnyima mtoto. Anampa uji, anapunguza nyonyo la mchana, kisha la usiku, huku akimwangalia uzito na afya yake. Kwenye neno hilo mna mambo matatu ambayo "kuondoa sumu" halina: kuna mtu anayesimamia, kuna kitu kinachowekwa mahali pa kile kinachoondolewa, na kuna kwenda hatua kwa hatua. Dalili zenyewe tuziite arosto, hata hospitalini. Mgonjwa analijua neno, na muuguzi wa hospitali ya Msambweni akimuuliza "arosto imeanza lini?" atajibiwa saa na dakika.

Tatizo ni kwamba arosto limezoeleka kwa unga, ilhali arosto inayoua kwa wepesi zaidi ni ya pombe. Ya heroini ni mateso makubwa, lakini kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine ni nadra kumuua, isipokuwa akiachwa atapike na kuharisha hadi maji yamwishie mwilini. Ya pombe inaweza kumuua mtu ambaye jana alikuwa akitembea.

Kaunti ya Kwale ni nchi ya minazi, na mangwe za kuuzia mnazi ziko hata vijijini. Chang'aa nayo ipo. Anayekunywa kwa wingi kila siku huamka mikono ikitetemeka, jasho likimtoka na roho ikichafuka, mpaka apate kikombe cha kwanza ndipo atulie. Waswahili tunaita kuzimua. Kwa lugha ya daktari, huyo tayari ana arosto kila alfajiri na anajitibu kwa pombe ileile. Mtu wa namna hiyo akiugua malaria akashindwa kwenda mangwe, akikamatwa na kulala mahabusu, au akiamua kwa nia njema kuacha mara moja mwezi wa Ramadhani unapoandama, yuko hatarini kuliko anavyodhani. Nia hiyo isivunjwe. Apitie hospitali kwanza, siku kadhaa kabla ya mwezi.

Kinachotokea ni hiki. Pombe hutuliza ubongo. Ubongo unaoogeshwa pombe kila siku hujibu kwa kupunguza nguvu ya vitulizo vyake wenyewe na kuongeza vichangamshi, ili mwenyewe aweze kusimama na kuongea. Pombe ikikatika ghafla, vichangamshi vinabaki bila wa kuvizuia. Mtetemeko huanza ndani ya saa chache. Katika siku mbili za kwanza kunaweza kuja kifafa, hata kwa mtu asiyewahi kuwa nacho. Kisha, kati ya siku ya pili na ya nne, wachache huingia katika hali ya hatari kuliko zote: homa, moyo kwenda mbio, kutojua yuko wapi, kuona wadudu wakitambaa ukutani, kujibizana na watu wasiokuwepo. Kwa hali hii naona mweweseko wa pombe linatosha, maana kila mtu anajua kuweweseka ni nini. Kabla ya tiba za kisasa takriban theluthi moja ya waliofikia hapo walikuwa wakifariki. Leo, wakipata matibabu mapema, hawafiki watu 5 kwa kila 100.

Jamaa wanaomwona ndugu yao akizungumza na ukuta hufikiri haraka kuwa kapandwa na jini au amerogwa, na safari inaanza kwenda kwa mganga. Sitaki kubishana na imani ya mtu hapa. Naomba swali moja liulizwe kabla ya gari kuondoka: alikunywa lini mara ya mwisho? Kama ni siku mbili au tatu zilizopita, na alikuwa mnywaji wa kila siku, gari lielekee hospitali, na lielekee sasa hivi.

Huko, uachishaji una sura yake. Muuguzi humwambia mgonjwa anyooshe mikono mbele na kupanua vidole, akatazama mtetemeko. Humgusa paji la uso kuona jasho. Humuuliza kama anahisi wadudu chini ya ngozi, kama mwanga unamuumiza, kama anajua leo ni siku gani. Kipimo kinachotumika sana duniani, kilichochapishwa mwaka 1989, kina vipengele 10 na alama zake zikijumlishwa haziwezi kuzidi 67. Kadiri zinavyopanda ndivyo dawa inavyoongezwa. Dawa yenyewe mara nyingi ni diazepamu, inayofanya kazi ya kutuliza iliyokuwa ikifanywa na pombe, kisha hupunguzwa siku hadi siku mpaka ikaachwa kabisa. Nayo thayamini, yaani vitamini B1, hutolewa kabla ya dripu ya sukari, kwa sababu wanywaji wengi wamepungukiwa nayo, na sukari ikitangulia inaweza kuudhuru ubongo kwa namna isiyorekebishika.

Vidonge vya usingizi vinavyouzwa kichochoroni, vile watu wa pwani wanavyoviita bugizi, vimo katika kundi hilihili la hatari. Aliyevizoea asiviache ghafla. Kifafa chake ni kama cha pombe.

Kwa upande wa unga, pwani yetu iliwahi kushikwa na arosto kwa pamoja. Kuanzia Disemba 2010 hadi Machi 2011 heroini iliadimika Pwani ya Kenya, wakati msako dhidi ya wauzaji ulipokuwa umekazwa. Wapo waliofurahi wakidhani pwani itapona yenyewe. Waraibu walifurika wakitafuta msaada, na huduma za kuwapokea zilikuwa chache mno. Wengi wakajaribu kuziba pengo kwa pombe na vidonge, wengine wakajidunga chochote kilichopatikana. Methadoni, dawa inayozuia arosto ya heroini, ilikuwa haijaanza kutolewa katika kliniki za serikali ya Kenya. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa Februari 2011, katikati ya uhaba huohuo. Kenya ilianza katika hospitali ya Mathari, Nairobi, Disemba 2014, ikafuata Malindi mwaka 2015, na baadaye huduma ikafika Kwale katika kituo cha Kombani, pale barabara ya Lunga Lunga inapogawana na ile ya kupanda Kwale mjini.

Methadoni ni dawa ya majimaji ya kunywa. Inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo kikombe kimoja huzuia arosto hadi kesho bila ile nishai ya kujidunga. Mtu anakunywa dirishani mbele ya mhudumu, na huongea naye kidogo kabla ya kuondoka, ili ijulikane ameimeza. Kipimo cha siku ya kwanza kwa kawaida hakizidi miligramu 30 na hupandishwa polepole, kwa sababu dawa inajikusanya mwilini kwa siku kadhaa na haraka inaweza kuua. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilishauri kwamba kwa wengi wa waraibu wa afyuni na jamii yake ni bora kuendelea na dawa kwa muda mrefu kuliko kuachishwa kwa siku chache na kurudishwa nyumbani. Kwa mjamzito jambo hili ni zito zaidi, maana arosto inaweza kuharibu mimba; yeye hupewa methadoni na hashurutishwi kuacha ghafla.

Katika kuachishwa huko kwa siku chache ndipo "kuondoa sumu" linapofanya madhara yake makubwa. Kijana amefungiwa siku 7, arosto imekwisha, uso umerudi. Nyumbani wanasema sumu imetoka, amepona. Lakini kilichotoka pia ni ustahimilivu wa mwili, yaani ule uwezo wa kuhimili kipimo kikubwa alioujenga kwa miaka. Akikutana na wenzake maskani akarudia kipimo kilekile cha zamani, pumzi inakatika. Wanaotoka gerezani na wanaotoka kwenye vyumba vya kufungiwa wamo katika hatari hiyohiyo, hasa wiki za mwanzo. Familia ielezwe hivyo waziwazi siku ya kumchukua mgonjwa, na iambiwe dawa ya nalokisoni hufungua pumzi iliyofungwa na heroini, ila nguvu yake huisha mapema, na kwa hiyo hata akizinduka na kudai yuko sawa, apelekwe hospitali na asiachwe alale peke yake.