Baridi ya Njombe na Ramani ya Burkitt

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto wa miaka mitano. Taya zilikuwa zimevimba kulia na kushoto, juu na chini. Meno yamelegea, sura imepinda. Baadaye, akiwa Jinja, alichungulia dirishani akaona uvimbe uleule usoni mwa binti mdogo.

Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford wakazunguka hospitali za Afrika Mashariki na Kusini kwa wiki kumi, kama kilomita 16,000. Walionyesha picha na kuuliza: mmewahi kuuona ugonjwa huu?

Majibu yalichora ramani. Nyanda za chini zenye joto na mvua, upo. Milimani kwenye baridi, haupo. Kule mkoani Njombe, Tanzania, anayeishi Igwachanya akapanda kwenda Njombe mjini, mita zipatazo 2,000 juu ya bahari, huihisi tofauti hiyo mwilini kabla hajafunga koti. Ramani hiyo ya ugonjwa ilikuwa pia ramani ya malaria.

Mwaka 1964, London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walikiona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Ndipo elimu ya kinga ikapata kazi: malaria ya mara kwa mara huilegeza kinga inayokidhibiti kirusi, na chembe nyeupe za damu hugeuka kuwa saratani.

Huo ni utafiti mkubwa ulioanzia wodini, hapa Afrika Mashariki. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilifunguliwa mwaka 1967, na watoto walitibiwa kwa dawa kama vinkristini, inayotumika pia dhidi ya saratani ya damu. Uvimbe ulinywea ndani ya siku chache.